Jiwe la Juu Lilibaki Njiani

Harufu ya lami mbichi hunitia njaa. Wenzangu kazini hunicheka sana kwa hilo. Tangu waanze kujenga barabara ya mzunguko hapa Dodoma, kila mtu anaziba pua, analalamika kichwa kinauma, analaani mitambo. Mimi natoa kichwa nje ya bajaji, navuta pumzi hadi mwisho, na mate yananijaa mdomoni. Na si njaa ya chipsi wala ya nyama choma. Ni njaa ya uji wa uwele uliosagwa kwa mkono, ule wenye chembe za mchanga zinazolia kwenye meno. Nimeshaulizwa kama nina mimba. Sina. Nilikuwa na Bibi, basi.

Bibi alikuwa mama yake baba, na aliishi nasi Majengo, nyuma ya maduka ya nafaka. Mashine ya kusaga ilikuwa ukitoka mlangoni tu, inanguruma kutwa nzima, na baba mwenyewe alikuwa mfanyabiashara wa nafaka, kwa hiyo unga nyumbani kwetu ulikuwa wa kumwaga. Lakini uwele wa uji wake Bibi aliusaga mwenyewe, kwa jiwe, kila jioni, amepiga magoti uani. Kama hukukulia kwenye nyumba ya jiwe nikueleze: mawe ni mawili. La chini ni kubwa, limelala, limebonyea katikati kwa kusagiwa. La juu ni dogo, unalishika kwa mikono miwili unalisukuma mbele na nyuma. La chini tunaliita mama, la juu tunaliita mwana.

Sasa mama wa Bibi alikuwa jiwe zuri, jekundu, la milima ya kwao Kondoa, lina mshipa mweupe uliolikata kutoka kona hadi kona. Mwana wake alikuwa jiwe la kijivu la kuokota tu, na hawakupatana hata siku moja. Lilikwaruza, liliruka, lilimbana Bibi vidole, naye alilitukana kwa Kirangi matusi ambayo mama yangu alikataa katakata kunitafsiria.

"Bibi, mwana wa hili jiwe yuko wapi?" nilimwuliza siku moja.

"Alibaki njiani."

"Njia ipi?"

"Ya Kondoa."

"Anafanya nini huko?"

"Analinda."

"Analinda nini?"

"We mtoto, maswali yako yatakuozesha meno. Lete ungo."

Basi mimi nikajijibu mwenyewe. Watoto wote wa Majengo tulijua kwamba Mjerumani alipokimbia vita alifukia masanduku ya rupia kando ya barabara kuu, na juu yake akaweka jiwe la ajabu kama alama. Kila mtaa ulikuwa na mjomba wa mtu aliyekaribia kuzipata. Na hapa kwetu kulikuwa na jiwe limeachwa njiani linalinda. Nilikaa na siri hiyo kifuani, najiona tajiri kuliko darasa zima.

Ukweli niliujua baadaye, ila wewe sitakuzungusha. Kilichokuwa kinalindwa njiani ni mtoto. Babu alikuwa kibarua wa barabara enzi za mkoloni. Alijenga makalavati, yale madaraja madogo ya kupitishia maji ya mvua. Wake za vibarua waliishi nao kambini porini, na kambi ilihama kila barabara iliposogea. Katika kambi moja Bibi alijifungua mtoto wake wa kwanza, wa kike. Surua ikapita, ikamchukua kabla hajaacha ziwa. Wakamzika karibu na kalavati ambalo babu alikuwa ndiyo kwanza amelimaliza, kisha kambi ikahama, na wao wakahama nayo. Kina mama wa ukoo wa Bibi walikuwa na desturi yao: ukilazimika kumwacha mwanao njiani, mwachie na mwana wa jiwe lako, asikae peke yake. Na wewe utaendelea kusaga kwa jiwe la kuokota. Likikukwaruza, umemkumbuka.

Miaka ikaenda, Bibi akazaa wengine, baba akiwemo. Kila tulipopanda basi kwenda Kondoa kusalimia, kuna mahali Bibi alijifunika ushungi, akafumba macho na kuanza kutikisa midomo. Nilidhani kichefuchefu cha gari kinamsumbua, nikawa namwekea kipande cha limau mkononi. Alikuwa anakipokea kila mara.

Halafu lami ikaja. Tangazo lilipita redioni na misikitini: mwenye kaburi ndani ya hifadhi ya barabara afike alioneshe, awahamishe watu wake kwa heshima. Makaburi yasiyo na mwenyewe yatafukuliwa, mabaki yazikwe pamoja katika shimo moja. Bibi aliposikia hilo neno "pamoja" aliweka kijiko chini, na hakula vizuri tena mpaka safari.

Tuliondoka mara tu baada ya swala ya alfajiri. Baba aliazima pikapu ya rafiki yake wa sokoni. Nyuma alipakia jembe, sepetu na dumu la maji. Bibi alikuwa na kikapu chenye bafta nyeupe, ubani, maandazi na chupa ya chai. Mimi nilipoliona jembe tu, moyo ukaruka. Nikakimbia ndani nikakunja mfuko wa rambo, ule mweusi mpana wa kabla mifuko hiyo haijapigwa marufuku, nikauficha ndani ya gauni. Rupia hazibebwi mkononi.

Mama alitaka nibaki, eti safari ile si ya watoto. Bibi, ambaye alikuwa ameshakaa kwenye kiti cha mbele, akasema, "Huyu anakwenda. Ni wajina wake." Sikuuliza wajina wa nani, nisije nikaachwa.

Nilikaa katikati, kati ya baba na Bibi, magoti yangu yakigongana na gia. Tulipopita mashamba ya zabibu ya Makutupora lami iliisha, na vumbi likatuingia hadi kwenye maandazi. Siku hizi watu wanateleza tu hadi Babati wakichezea simu; wakati ule barabara hiyo ulikuwa unaisikia mgongoni, jiwe kwa jiwe. Baba akaniambia kwamba barabara ile si ya kuidharau. Ukiifuata kusini unafika mwisho kabisa wa Afrika, na ukiifuata kaskazini bila kuiacha unatokea Misri.

Nilishtuka. Misri niliijua, nilisoma habari zake madrasa.

"Kwa hiyo tusipokata kona tutafika kwa Firauni?"

"Tutafika," alisema baba.

"Bado yupo?"

Bibi alinipa andazi. "Mafirauni wapo kila mahali, mjukuu wangu. Kula."

Baada ya Mayamaya nikaanza kuona nyumba zenye alama nyekundu ukutani, mikwaju miwili iliyopitana. Nyumba moja, ya pili, duka, hata kibanda cha mbuzi. Alama ile mimi niliijua vizuri; mwalimu wetu wa hesabu aliniwekea kila siku.

"Baba, hizi nyumba zimekosa nini?"

Alicheka mpaka pikapu ikayumba. "Zimeikaribia sana barabara. Zitavunjwa."

"Kwani nani alitangulia, nyumba au barabara?"

"Barabara."

"Na Bibi na barabara, nani alitangulia?"

"Mimi," Bibi alijibu mwenyewe. "Na aliyeipikia ni mimi. Wanaume waliochimba njia hii walikula chakula cha mikono yangu hii."

Hapo akachangamka kidogo. Akaanza kunionesha makalavati kwa kidole. Hili la babu yako. Hili pia. Hili si lake, hulioni lina nyufa? Hili alilijenga akiwa na homa, ndiyo maana limepinda upande. Nilikuwa namwangalia Bibi kwa mshangao. Sikuwahi kujua kwamba daraja laweza kuwa la mtu, kama kuku. Kisha tukapita Haneti, akaanza kuvuta ushungi. Nikapapasa kikapuni kutafuta limau. Safari hii hakufumba macho. Alimshika baba bega akasema, "Punguza mwendo. Ni hapa."

Mahali penyewe hapakuwa na kitu. Kalavati la mawe, mgunga mkubwa, kichuguu kirefu, na nyika kavu inayokwenda mpaka vilima vya Chenene. Mbele kidogo mkandarasi alikuwa ameweka kambi. Mapipa ya lami yalikuwa yanachemka, na harufu yake nzito ilitufikia kwa upepo. Greda lilikuwa limesimama kando ya njia, linaunguruma lakini haliendi. Kijana wa mradi, amevaa kofia ngumu na kizibao cha njano, alitukimbilia.

"Shikamoo bibi. Shikamoo mzee. Karibuni. Tumewasubiri sana, ukweli usemwe. Eneo hili limebaki la mwisho."

Alitupeleka chini ya mgunga. Palikuwa na vilima vidogo vya kokoto, kila kimoja kimechomekwa kijiti chenye kitambaa chekundu. "Tulivyovitambua ni hivi," alisema. "Vyote inaonekana ni vya watoto. Jina la marehemu nani, bibi?"

"Zainabu," alisema Bibi.

"Abee!" nikaitika mimi.

Wote watatu wakageuka kuniangalia. Mimi ndiye Zainabu. Nilikuwa naitwa, nimeitika, kosa langu lilikuwa nini? Baba akanishika kichwa akaniambia polepole kwamba alikuwapo Zainabu mwingine kabla yangu, dada yake mkubwa, na kwamba mimi nimepewa jina lake. Nikauliza yuko wapi. Baba akaonesha chini. Nakumbuka niliiangalia ile ardhi kwa makini sana, nikajiuliza kama yule aliyeko chini naye huwa anaitika mimi nikiitwa nyumbani. Sikuogopa. Nilitaka tu kujua nani anawahi.

Bibi alikuwa ameshaanza kupita kwenye vile vilima, ameinama, anapekua nyasi kwa fimbo. Alikuwa anatafuta jiwe lake jekundu. Alikwenda kwa wa kwanza, akatikisa kichwa. "Si huyu." Wa pili. "Si huyu." Alipomaliza akaanza upya, safari hii amepiga magoti anapapasa kwa mikono. Jua lilikuwa limeshapanda. Jiwe halikuwapo popote.

"Bibi," alisema yule kijana, na sauti yake ilikuwa ya heshima kweli, sitaki kumsingizia, "miaka mingi imepita. Wachungaji wa mifugo wanapita hapa, watoto wanacheza. Jiwe linaweza kuwa limeshaondoka. Wewe tuoneshe tu unapohisi ndipo."

"Sihisi," alisema Bibi. "Nataka kujua."

Baba akachuchumaa kando yake. "Mama. Chukua mmoja. Mungu anajua nia yako."

"Mungu anajua, ndiyo. Na mama yake huyo nitakayemchukua? Walizikwa na wa wenzangu hapa, mwaka ule. Akija kesho akute shimo, nitamwambia nini? Sibebi mtoto wa mwenzangu. Na wangu simwachi wakamtie kwenye shimo la pamoja." Hapo machozi yakamtoka. "Mungu wangu, mimi mama gani nisiyejua nilipomlaza mwanangu?"

Sikuwahi kumwona Bibi akilia kabla ya siku hiyo. Baba alinifanyia ishara ya macho niondoke. Nami nikaondoka, nikiwa na mfuko wangu wa rambo, kutafuta rupia upande mwingine. Usinicheke. Kwa akili yangu Bibi alikuwa analia kwa sababu ya jiwe, na jiwe lilikuwa la kulinda rupia, nikizipata, hatalia.

Sikwenda mbali. Nilisikia sauti ninayoijua: shwaa, shwaa, shwaa. Mtu alikuwa anasaga. Lakini hapakuwa na mkwaruzo wala matusi, mawe yalikuwa yanakubaliana kabisa, na mimi sikuwahi kusikia kusaga kwa namna hiyo. Nikaifuata sauti mpaka kwenye nyumba ya tembe yenye ua wa minyaa. Mama mmoja mnene, umri kama wa baba, alikuwa amepiga magoti mlangoni anasaga uwele. Baadaye nilimjua kwa jina la Mama Nyemo.

"Mbukwa," nikamsalimu Kigogo, salamu tuliyoijua watoto wote wa Majengo.

"Mbukwa, mjukuu. Umepotea?"

"Sijapotea. Natafuta rupia za Mjerumani."

Aliangua kicheko mpaka kuku wakakimbia. "Rupia! Wamechimba sana watu hapa, mwanangu. Wameambulia nge. Njoo unywe uji."

Akanimiminia uji wa uwele kwenye kibuyu. Nilikuwa na njaa, maandazi yalikuwa vumbi tupu. Nilikunywa huku upepo unaleta harufu ya lami inayochemka kutoka kambini, na mpaka leo vitu hivyo viwili vimegandana kichwani mwangu. Mama Nyemo akarudi kwenye kusaga kwake. Na mimi, macho yangu yakiwa juu ya ukingo wa kibuyu, nikaliona jiwe la juu.

Mawe yote ya pale yalikuwa ya kijivu na meupe, hata la chini alilokuwa akisagia. La juu lilikuwa jekundu. Na lilikuwa na mshipa mweupe.

"Mama," nilisema, "hilo jiwe lako ni la kwetu."

"Lenu vipi?"

"Mama yake yuko kwetu, Majengo. Ana mshipa hivi," nikachora hewani kwa kidole, "na huyu anao hivyo hivyo. Huyu ni mwana wake. Alibaki njiani."

Aliacha kusaga. "Nani amekutuma?"

"Hakuna. Bibi yuko pale kwenye kalavati analitafuta. Analia."

Mama Nyemo alinyanyuka, unga ukamwagika mapajani, hakujali. Alilifunga jiwe kwenye khanga yake, akanishika mkono, na tulikwenda nusu tunakimbia. Tulipofika alipiga magoti mbele ya Bibi, akalitua lile furushi, akalifungua.

"Shikamoo mama."

Bibi hakuitikia shikamoo. Alilichukua jiwe akaligeuza, akapitisha kidole kwenye mshipa, kutoka mwisho mmoja mpaka mwingine.

"Limepungua," alisema.

"Nilikuwa biharusi mgeni hapa," alisema Mama Nyemo, na maneno yalikuwa yanamtoka haraka. "Nimekwenda kuni nikaliona kwenye nyasi, zuri, linakaa mkononi. Sikuwa na jiwe langu. Nilipolileta nyumbani mama mkwe akanifokea: jiwe la kusagia halitupwi porini, lina mwenyewe hilo, umeliondoa kwa nani? Nikaogopa. Lakini nilikuwa nimeshalipenda. Nikarudi nikaweka jingine pale pale, jeupe, nisiache mahali patupu. Mama, sikujua kwamba ni mtoto. Wallahi sikujua." Mama Nyemo ni Mkristo, lakini aliapa hivyo kwa kumheshimu Bibi.

"Jeupe umeliweka wapi?" aliuliza Bibi. Alikuwa ananong'ona.

Mama Nyemo hakutupeleka kwenye vijiti vyekundu hata kimoja. Alipita chini ya mgunga, akakizunguka kichuguu, akaenda upande wa pili ambako hakuna aliyefikiria kutazama. Akafyeka nyasi kwa mguu. Jiwe jeupe lilikuwa pale, limezama nusu.

Bibi alikaa chini palepale. "Eee," alisema. "Eee, ndiyo. Baba yake alisema tumweke nyuma ya kichuguu, upepo usimpige. Nilisahau upepo. Nilikumbuka kila kitu, nikasahau upepo." Alilia kwa sauti, na Mama Nyemo alilia naye, wamekumbatiana kama waliozaliwa tumbo moja. Kijana wa mradi alivua kofia yake ngumu akasimama kando, na kutoka kule barabarani greda likazimwa.

Katika ule ukimya nikauliza, "Bibi, ndipo rupia zilipo?"

Baba alitaka kuniziba mdomo. Bibi akaniangalia, machozi na vumbi vimemchora mashavu, akasema, "Ndiyo, mama. Zangu zote ziko hapa."

Walipoanza kuchimba, kina mama wa jirani waliokuja kwa kusikia kilio walisimama na khanga wakafanya ua, mimi nikawekwa nje yake. Nilisikia jembe, kisha mikono, kisha dua. Ubani ukapanda. Bibi alipotoka alikuwa amekumbatia kifurushi cha bafta, kidogo, kidogo kabisa.

Mama Nyemo alimfuata mpaka kwenye pikapu na jiwe mkononi. "Chukua mali yako, mama."

Bibi alilipapasa kwa kiganja. "Lilisagia watoto wako?"

"Wote. Na wajukuu wameanza."

"Basi baki nalo. Wangu hakufikia kula ugali. Kama limewalisha wa kwako, halikukaa bure."

Mama Nyemo aligeuka akakimbia nyumbani kwake, akarudi na ungo wa unga, ule aliokuwa akiusaga. Akatazama huku na huku kutafuta chombo. Nikautoa mfuko wangu wa rambo ndani ya gauni. Hakuna aliyeuliza nimeutoa wapi.

Kutoka pale hadi Kondoa Bibi alikipakata kile kifurushi mapajani kama mama anayempeleka mtoto kliniki, mkono mmoja chini, mwingine juu kuzuia vumbi. Na alikuwa anakisimulia njia. Hii ni Chemba, tulikaa hapa wakati wa njaa, baba yako aliugua. Hapa ndipo mdogo wako alizaliwa, ndiye huyu anayeendesha. Baba alikuwa anaendesha taratibu kuliko nilivyowahi kumwona, anakwepa kila shimo. Mimi nilimvuta Bibi mkono.

"Mwambie na mimi nipo."

"Na huyu hapa," alisema Bibi, akainama, "ni wajina wako. Ana maswali huyo, utachoka."

Tulimzika Kondoa jioni, kando ya kaburi la babu, kabla ya magharibi. Tuliporudi Majengo Bibi alipika uji kwa ule unga wa kwenye rambo, akatugawia nyumba nzima, hata majirani. Ulikuwa na mchanga. Baba alikunywa vikombe viwili na alikuwa hapendi uji.

Tangu mwaka ule, kila baada ya mavuno, kondakta wa basi la Kondoa alishusha kifurushi cha unga kwetu, na Bibi alirudisha khanga, au sukari, au viatu vya mjukuu wa nani sijui. Lami ikafika, ikapita, ikaenda Babati. Kalavati la babu lilifunikwa. Bibi hakuwa anajifunika tena ushungi tukipita pale. Alikuwa anapunga mkono upande wa tembe.

Bibi alipofariki, siku ya matanga aliingia uani kwetu mama mzee, mnene, amebeba mtoto mgongoni kwa mbeleko. Wanawake walimpisha, wakashusha sauti ili mtoto asiamke. Alinitafuta kwa macho mpaka akanipata. Akafungua mbeleko. Halikuwa la kulia wala la kuamka. Lilikuwa jekundu, dogo kuliko nilivyolikumbuka, na mshipa wake mweupe.

"Nimemrudisha," alisema Mama Nyemo. "Mama yake amebaki peke yake sasa."

Tukaenda mimi na yeye nyuma ya jiko, nikalifuta vumbi lile jiwe la chini, nikamweka mwana juu ya mama. Mshipa na mshipa. Nilishusha pumzi nikalisukuma. Likayumba. Likakwaruza vibaya, likanibana kidole. Halikukaa kabisa. Lilikuwa limejisaga kwa jiwe lingine maisha yake yote, na umbo lake lilikuwa limefuata huko. Nililia hapo kuliko nilivyolia makaburini.

Mama Nyemo alipiga magoti kando yangu, akanishika mikono, akairudisha juu ya jiwe.

"Si amekulia kwa watu?" alisema. "Ulitaka aje siku moja awe amezoea? Mpe muda. Saga."

Basi nasaga. Nikikutana na harufu ya lami, nikifika nyumbani navua viatu vya kazini, napiga magoti uani. Bado linakwaruza. Lakini si kama jana.